Kuvimbiwa

Kuvimbiwa, au dispepsia, ni maumivu au usumbufu wa tumbo la juu, hasa kwenye chembe cha moyo. Mgonjwa huhisi kuungua, hushiba baada ya matonge machache, au hubaki amejaa saa nyingi baada ya mlo. Kiungulia, ule moto unaopanda kifuani, huandamana nako mara nyingi lakini ni dalili tofauti. Afrika Mashariki maumivu haya huitwa kwa urahisi mno “vidonda vya tumbo”, ilhali wengi wanaopimwa kwa endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya tumbo) hawakutwi na kidonda.

Sababu

Kwa miongo mingi lawama ziliangukia mawazo, pilipili na asidi. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria kutoka tumboni mwa wagonjwa, baada ya sampuli kuachwa maabara wakati wa sikukuu ya Pasaka. Waliposhindwa kuwashawishi wenzao kwamba bakteria hao ndio chanzo cha ugonjwa, Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984. Baada ya siku chache alianza kutapika, na tumbo lake likakutwa na uvimbe. Kwa kazi hiyo ya kijasiri walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo ni Helicobacter pylori.

Sababu nyingine ni aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, vijiwe vya nyongo na, mara chache, saratani. Pasipopatikana sababu yoyote, hali huitwa dispepsia ya kiutendaji.

Kumpima mgonjwa

Mahojiano hutangulia vipimo. Mganga huuliza maumivu yalianza lini, chakula huyazidisha au huyatuliza, na mgonjwa anameza dawa gani, zikiwemo za kununua dukani. Dalili za hatari ni kupungua uzito, chakula kukwama kooni, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, upungufu wa damu na kutapika kusikokoma. Mwenye dalili hizo, au aliyeanza kuugua akiwa na umri mkubwa, anahitaji endoskopi mapema. Saratani ya umio ni tishio kubwa Kenya, Tanzania na Malawi. Maumivu ya chembe yanayokuja na jasho jembamba au kuhema yaweza kuwa ya moyo.

Vipimo

H. pylori hutafutwa kwa pumzi au kinyesi, mgonjwa akiwa ameacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki mbili. Kipimo cha damu, kipendwacho na maabara ndogo, hakitofautishi maambukizi ya sasa na yaliyokwisha kupona.