Silinda Sita za Mstari: Pumzi ya Munich, Kifua cha Japani

Injini yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ina kipaji cha kuzaliwa. Pistoni ya kwanza hupanda na kushuka sambamba na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na kila jozi iko nyuzi 120 kutoka kwa nyingine. Misukumo yao hufutana, ndiyo maana injini hii hutulia bila kuongezewa shafti za kuzuia mtetemo. Aliyeendesha Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 iliyotapakaa Afrika Mashariki, ameuonja utulivu huo. Munich na Japani waliuchukua utulivu uleule wakautafutia mbio, kisha wakaachana njia.

Waingereza walitangulia. Injini ya Jaguar iliyooneshwa London mwaka 1948, yenye kemshafti mbili juu ya silinda, ilianza kama mazungumzo ya wahandisi waliokesha zamu wakilinda kiwanda cha Coventry dhidi ya moto wa mabomu. Ilishinda Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957.

BMW wa Munich waliishikilia imani kwamba injini inapaswa kuvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe. Mwaka 1978 gari la M1 lilitoka na injini ya Paul Rosche yenye vali 24, na ukoo huo ukafikia kilele mwaka 2000 kwa S54 ya M3: sentimita za ujazo 3,246, nguvu za farasi 343, bila turbo. Nguvu hiyo ilitoka kwenye kasi. Pistoni inasafiri milimita 91 kila ipandapo au ishukapo, na mshale ukigusa mizunguko 8,000 kwa dakika, mwendo wake wa wastani ni mita 24 kwa sekunde. Kila silinda ina mlango wake wa kudhibiti hewa, hivyo mguu ukigusa mafuta injini inaitika papo hapo. Tundu la silinda lina upana wa milimita 87, na kutoka kitovu cha tundu moja hadi cha jirani yake ni milimita 91. Ukuta unaobaki katikati ni milimita nne tu. Ndiyo sababu bloki ilibaki ya chuma cha kusubu hata baada ya injini za kawaida za BMW kuhamia aluminiamu. Uroho huo wa mizunguko ulikuwa na gharama: beringi za konrodi katika S54 za mwanzo ziliharibika, na kampuni ikalazimika kuyaita magari ili zibadilishwe.

Huko Japani hesabu ilianzia kwenye kanuni za mashindano. RB26DETT ya Nissan, iliyozinduliwa mwaka 1989, ina ujazo unaoshangaza wa sentimita 2,568. Kanuni za Kundi A zilizidisha ujazo wa injini ya turbo kwa 1.7, fanya hesabu utapata 4,366, chini kidogo ya kikomo cha daraja la 4,500. Skyline GT-R iliyoibeba ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa Japani wa Kundi A kuanzia 1990 hadi 1993. Nayo ilikuwa na milango sita ya hewa kama ya Munich, ila hewa yake ilisukumwa na turbo mbili.

Barabarani, hata hivyo, makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana kimyakimya kutotangaza zaidi ya nguvu 280, na hali hiyo ikadumu hadi 2004. Mimi naamini dari hilo ndilo lililoizaa sifa ya 2JZ-GTE ya Toyota. Upana wa silinda milimita 86, safari ya pistoni milimita 86, bloki nzito ya chuma iliyofungwa juu, beringi kuu saba. Nguvu isiyoruhusiwa kuandikwa kwenye karatasi ilibaki ndani ya chuma. Mafundi waliobadilisha turbo na mfumo wa mafuta, wakaiacha bloki ileile ya kiwandani, wamevuka nguvu 1,000.

Hapo ndipo mila hizi mbili zinapotengana hasa. S54 ilimalizwa kiwandani. Fundi wa gereji anayeifungua hukuta kila kitu kimeshakamuliwa, kazi yake ni kuirudisha ilivyokuwa. 2JZ ilimwachia nafasi. Kwa ustadi naipa heshima ya kwanza S54, lakini 2JZ ndiyo iliyowafundisha kazi vijana wengi zaidi duniani.

Mwaka 2019 Toyota ilipoirudisha Supra, gari lililowahi kubeba 2JZ, chini ya boneti iliwekwa B58 ya BMW: lita tatu, turbo moja, bloki ya aluminiamu iliyofungwa juu. Munich ilikuwa imeiacha imani yake ya hewa ya kawaida na kukubali turbo pamoja na bloki ngumu, na Toyota ikanunua kwao. Mafundi waliozoea 2JZ walianza mara moja kuipima inabeba kiasi gani.