Urani ya dunia itatosha kwa miaka mingapi?

Serikali nyingi zimeanza kuutazama upya umeme wa nyuklia. Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi mjini Dubai, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kushirikiana ili uwezo wa dunia wa kuzalisha umeme huo uongezeke mara tatu ifikapo 2050. Je, urani inayoendesha vinu hivyo itatosha?

Tuanze na hesabu. Vinu vinavyofanya kazi leo ni karibu 440, na kwa mwaka vinahitaji takriban tani 67,000 za urani. Urani iliyokwisha kutambuliwa ardhini, ile inayochimbika bila gharama kupita kiasi, ni kama tani milioni 6. Ukigawanya unapata miaka 90 hivi. Mahitaji yakiongezeka mara tatu, inabaki miaka 30, na kinu kipya hujengwa ili kidumu miaka 60.

Lakini akiba ya madini si gunia la mahindi ghalani, kwamba debe likitoka limetoka. Bei ikipanda, kampuni hutafuta zaidi, na mwamba uliokuwa hauna faida huanza kulipa. Bei ikishuka, utafutaji hulala. Mwaka 2007 ratili moja ya urani ilipita dola 130. Baada ya ajali ya Fukushima, Machi 2011, Japani ilizima vinu vyake, na kufikia 2016 bei ilikuwa kama dola 20. Mwanzoni mwa 2024 ilipita tena dola 100.

Wakazi wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, wameyaona mawimbi hayo kwa karibu. Mradi wa Mto Mkuju ulipata leseni ya uchimbaji 2013, bei ikiwa tayari inaporomoka, na 2017 ukawekwa kando. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio. Kwa hiyo kijiji kinapoahidiwa ajira za mgodi, pamoja na kuuliza juu ya usalama wa maji ya visima na mito, si vibaya kuuliza pia: bei ikianguka, itakuwaje? Tukumbuke kwamba urani yote inayojulikana nchini Tanzania haifiki mahitaji ya dunia ya mwaka mmoja.

Kwa maoni yetu, tatizo la karibu si kuisha kwa urani ardhini, ni wembamba wa njia inayopita hadi kufika kinuni. Karibu asilimia 40 ya urani inayochimbwa duniani hutoka nchi moja, Kazakhstan. Huko hawachimbi mashimo makubwa. Husukuma asidi ya salfa chini ya ardhi, ikayeyusha urani, kisha wakaivuta juu. Mwaka 2024 kampuni ya taifa hilo, Kazatomprom, ilipunguza malengo yake, na sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa asidi hiyo.

Hata ikishatoka ardhini, urani haiwi kuni ya kutia jikoni moja kwa moja. Sehemu inayowaka kirahisi kinuni ni asilimia 0.7 tu. Vinu vingi vinataka ifike asilimia 3 hadi 5, na kazi hiyo ya kurutubisha hufanywa na nchi chache. Urusi peke yake ina zaidi ya asilimia 40 ya uwezo huo. Marekani ilipitisha sheria Mei 2024 ya kuzuia urani ya Urusi, lakini ikaacha mwanya wa kuendelea kununua hadi mwisho wa 2027 pale ambapo hakuna njia nyingine.

Zipo njia za kuipunguzia migodi mzigo. Kuanzia 1993 hadi 2013, tani 500 za urani ya makombora ya Urusi ziligeuzwa kuwa mafuta ya vinu vya Marekani. Urusi pia ina vinu vya Beloyarsk, vya aina inayoweza kuzalisha mafuta mapya vikiwa kazini. Ufaransa ilijaribu kwa Superphénix, ikakifunga miaka ya 1990. Bahari nayo ina urani, ila ni miligramu 3 hivi kwa kila tani ya maji, na kuitoa bado ni ghali mno.

Na jambo moja husahaulika: katika bei ya umeme wa nyuklia, urani ni sehemu ndogo. Kinachomeza fedha ni ujenzi. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vilikamilika 2023 na 2024, vikiwa vimechelewa miaka saba na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30.