Kubanika si kuchoma

Stendi ya Korogwe neno ni moja tu: choma. Mbuzi choma, kuku choma, mahindi ya kuchoma. Limemeza ndugu zake wote, na linaniuma, maana moto una mapishi mengi.

Nyama ya mbuzi ikipikwa kwa utaratibu wa kale uani kwa mtu, Handeni au kwingineko, hubanikwa. Mpishi hutafuta kijiti kibichi kisicho na utomvu, akakipasua hadi katikati, akapachika vipande vilivyokolea chumvi kwenye ule mpasuko, kisha akafunga ncha kwa kamba ya gome. Huo ndio ubano. Husimikwa ardhini ukaelemea makaa, pembeni mwa moto wala si juu yake. Mafuta hudondoka mchangani, ndimi za moto haziruki, nyama haibabuki. Huiva polepole upande mmoja, ndipo ubano ugeuzwe.

Tazama umbo la neno. Banika latokana na bana, lakini -ika yake si ile ya vunjika au pikika. Ni -ika ya kuweka: anika juani, vumbika jivuni, simika ardhini, pachika mwanyani. Hata teleka, la kuweka chungu jikoni, ni la ukoo huu. Vitenzi hivi humtaka mtu aweke kitu mahali pake, kisha asubiri. Mihogo huvumbikwa, nyama hubanikwa. Kote kazi kubwa ya mpishi ni kujua umbali wa moto.

Ndiyo maana nalitaka neno hili hata kwa nyama za Ulaya ya zama za kati. Wapishi wa Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, ambao mapishi yao yaliandikwa karibu na mwaka 1390, waliishi katika jiko ambamo nyama ilizungushwa kwenye chuma kirefu mbele ya moto, na chombo cha kukinga mafuta chini yake. Mfasiri akiandika "kuchoma", msomaji ataona wavu juu ya makaa. Akiandika "kuoka", ataona mkate na tanuri. Chuma kile hakibani, nakubali, lakini banika huiacha nyama pembeni mwa moto, mahali pake hasa.

Choma nalo lina haki yake. Mwiba huchoma, sindano huchoma. Nyama ya mshikaki hutobolewa ikatungwa kijitini, hivyo imekwisha kuchomwa kabla haijaona moto.