Kiondo cha Ukambani na Soko la Dunia

Matinyani ipo upande wa Kitui Magharibi, katika nchi ya Ukambani ambako mvua haiaminiki. Mkulima hupanda mtama, kunde na pojo kwa tumaini. Mwaka mmoja huvuna, mwaka wa pili hukosa. Ndiyo sababu mkono wa mwanamke wa huko mara chache huonekana mtupu. Awapo njiani, mkutanoni au kivulini pa mti, vidole vyake husokota uzi na kusuka kiondo. Historia ya chombo hiki yafaa kujulikana na kila kijana, maana ndani yake mna fundisho juu ya kazi na haki.

Hapo kale kiondo, ambacho Wakamba hukiita kyondo, kilisukwa kwa nyuzi za gome la ndani la mbuyu na za vichaka vya mwituni. Kilichukua nafaka kutoka shambani. Ukanda wake ulipitishwa juu ya paji la uso, mzigo ukalala mgongoni. Mkonge ulikuja baadaye. Asili yake ni Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kisha ukaenea hata Kenya. Jani lake huparwa mpaka nyama ya kijani itoke. Nyuzi huanikwa juani, hutiwa rangi, kisha husokotwa juu ya paja. Msusi huanzia kitakoni, akazunguka kwenda juu duara baada ya duara, na kazi hiyo huchukua siku nyingi.

Wakamba hawakuwa wageni wa biashara. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na mwaka 1849 mmishenari Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa zama zile. Lakini kiondo kilikuwa chombo cha nyumbani. Katika miaka ya 1970 ndipo kilipopendwa sana Ulaya na Marekani. Kikatiwa mikanda ya ngozi, na ukanda uliokaa juu ya paji la uso la mama mkulima ukahamia begani mwa bibi wa mjini. Wanawake wakaungana katika vikundi, wakauza kwa pamoja. Fedha ile ililipa karo za watoto, na katika mwaka wa njaa ilinunua chakula.

Neema hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1980 viwanda vya Asia vilianza kutengeneza kwa mashine vikapu vya kuiga kiondo, vikauzwa kwa bei ndogo. Mitindo nayo ikageuka. Msusi wa Ukambani hakuwa amekosea lolote. Kazi yake ilikuwa njema kama jana. Alilokosa ni mamlaka juu ya bei, na juu ya sura ya kitu alichokibuni bibi yake.

Baadaye walitokea wanunuzi wenye nia nyingine. Mwaka 2009 Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilianzisha mpango wa kuwaunganisha mafundi maskini na wabunifu wa mavazi. Vivienne Westwood wa Uingereza alikuwa miongoni mwa waliotengenezesha mikoba Kenya. Wafanyabiashara wa Ulaya nao huagiza viondo kwa vikundi vya Kitui na Makueni. Msaada huu ni wa heri, lakini bado kauli ya mwisho ni ya mnunuzi aliye mbali.

Huko Ufilipino, ambako watu hufuma nguo kwa nyuzi za mnanasi na za abaka, mmea wa jamii ya mgomba, sheria ya mwaka 2004 iliagiza sare za watumishi wa serikali zishonwe kwa vitambaa vyenye nyuzi za nchini. Hivyo soko la kwanza likawa la nyumbani. Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na mwaka 2017 ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Nafasi ya kiondo ilirejea. Lakini mahali pengi pengo lilijazwa na mifuko mingine ya viwandani.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mitindo ya ng'ambo ni msala upitao: ukija, tuupokee kwa shukrani na tudai bei ya haki. Lakini mbachao wa msusi ni jirani yake. Siku ambayo sisi wenyewe tutakwenda sokoni na kiondo mkononi, msusi wa Matinyani hatangoja tena habari kutoka ng'ambo ili ajue kama mwanawe atarudi shuleni.