Mahari Si Bei: Namna Uislamu Ulivyoelezwa kwa Wazungu



Mwezi uliopita nilikuwa dukani nadarizi shela ya biharusi, akaingia mgeni wa Kizungu kuja kushonesha gauni. Mkononi ana kijitabu cha kuwafahamisha watalii habari za Uislamu kwa kurasa chache. Mwanamke mwenye adabu, kajitanda mtandio. Akaniuliza, "Huyu biharusi amenunuliwa kwa kiasi gani?" Kijitabu chake kilieleza mahari kuwa ni bei ya mke. Nilitabasamu tu, maana jawabu sikuwa nalo. Usiku ule nililala na aibu, na kulipokucha nikaanza kutafuta vitabu hivi vimeanzia wapi.

Kumbe ni vya zamani. Mwaka 1143 Robert wa Ketton alimaliza kuifasiri Qur-ani kwa Kilatini, kwa agizo la Peter, mkuu wa watawa wa Cluny huko Ufaransa. Walitaka kuujua Uislamu ili wapate la kuupinga, na hata jina la kitabu lilimkanusha Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Mwaka 1649 ikatoka London tafsiri ya kwanza ya Kiingereza. Nayo haikutoka kwenye Kiarabu, ilitolewa kwenye Kifaransa, tena ikatiwa onyo kwa msomaji. Mwaka 1734 George Sale ndiye aliyefasiri kutoka Kiarabu, akatanguliza maelezo marefu ya dini yetu. Hakuwa Muislamu na hakukubaliana nasi, lakini alieleza kwa utulivu kuliko waliomtangulia.

Wote hao ni wanaume. Habari za mwanamke wa Kiislamu waliziandika bila kuvuka kizingiti chake. Ndiyo maana huko Ulaya ilienea kwamba eti sisi tunaamini mwanamke hana roho.

Wa kuingia ndani alikuwa mwanamke mwenzetu, Lady Mary Wortley Montagu. Mumewe alikuwa balozi wa Uingereza kwa Waturuki, naye akaishi huko 1717 na 1718. Alialikwa majumbani, akaingia hamamu, akakaa na wanawake. Barua zake zilichapishwa 1763, baada ya kufa kwake. Ndani yake aliwakanusha wasafiri waliosema habari ya roho, na akaeleza kuwa wanawake matajiri wa Kituruki wanashika fedha zao wenyewe, na wakiachwa wanaondoka nazo. Fikirini, kwao Uingereza wakati ule fedha na vitu vya mwanamke vilikuwa vya mume pindi akiolewa. Ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke haki ya kumiliki chake mwenyewe.

Wa pili ni wa hapahapa kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Dini aliiacha, na hilo tunamwachia Mola. Lakini alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliweka sura nzima juu ya hali ya mwanamke wa Mashariki. Aliwalaumu wasafiri wanaopita siku chache kisha wakaandika kama wenyeji. Alikwishakuwa Mkristo, na bado hakukubali tusingiziwe.

Waislamu wenyewe nao wakashika kalamu. Abdullah Quilliam, mwanasheria wa Liverpool aliyesilimu, alitoa kijitabu chake cha kuueleza Uislamu mwaka 1889. Hata hivyo mazoea hayafi upesi. Mwaka 1949 H. A. R. Gibb, mwanachuoni mkubwa wa Oxford, alikiita kitabu chake cha utangulizi Mohammedanism, kama kwamba tunamwabudu Muhammad.

Basi yule mgeni aliporudi kuchukua gauni lake, mimi tayari. Nikamwambia: mahari si bei. Sura An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na hakuna wa kuyagusa ila kwa ridhaa yao. Si ya baba, si ya mjomba. Kilemba na mkaja ni mila zetu tu, ni jambo jingine. Akafurahi, akauliza, "Kwa hiyo huyu biharusi fedha zake keshazipokea?"

Nikanyamaza tena. Nilikuwa najua kuwa mahari ya mwari yule yalipokewa na mjomba wake, yakaingia kwenye ukumbi na pilau. Yeye hakuulizwa.

Wapenzi, hapo ndipo paliponiuma. Kijitabu kimekosea kuhusu dini, lakini mwandishi wake angekaa dukani kwangu wiki moja, angeona ya kumpa hoja. Maharusi wangapi wanakuja kupimwa, nikiwauliza mahari wananiambia, "Alipokea baba, sijui ngapi"?

Kwa hiyo biharusi wangu, kabla hujaniletea kitambaa, jua mahari yako ni kiasi gani, yapokee mkononi mwako, na ukitaka kumpa mtu, toa wewe kwa moyo wako. Nawe mama, mkabidhi mwanao haki yake. Mgeni akija tena kuuliza, jibu tutakuwa nalo, na litakuwa la kweli.

Tukutane panapo majaaliwa. Wabillahi tawfiq.