Hakimu wa Salem na Kilembwe Wake

Katika mwaka wa 1850 kilitoka kitabu mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kiitwacho The Scarlet Letter. Mtungaji wake alikuwa Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa mji wa Salem. Wasomaji wengi hukichukua kuwa ni hadithi ya mwanamke aliyezini na adhabu aliyopewa, na kwa juu ndivyo kilivyo. Lakini ajuaye habari za ukoo wa mtungaji hukisoma kwa jicho jingine, kwa maana nyuma ya mahakimu wa hadithi ile amesimama hakimu mmoja wa kweli, naye alikuwa babu wa babu yake Hawthorne.

Wapuritani walikuwa Wakristo wa Uingereza walioona kwamba kanisa la nchi yao halijatakaswa vya kutosha. Mwaka wa 1630 kundi lao kubwa, likiongozwa na John Winthrop, lilivuka bahari likaanzisha Boston na miji ya jirani. Walikusudia kuwa na nchi itakayolitii neno la Mungu katika sheria zake zote, na kwa sababu hiyo dhambi na kosa la jinai vilikuwa karibu kitu kimoja. Mzinifu aliweza kuuawa. Mwaka wa 1644 mwanamume mmoja na mwanamke mmoja walinyongwa kwa kosa hilo. Sheria ya mwaka wa 1694 ilipunguza ukali: mwenye hatia aliketishwa kwenye mti wa kunyongea muda wa saa moja, kamba ikiwa shingoni, akapigwa viboko visivyozidi 40, kisha akatakiwa kuvaa maisha yake yote herufi A ya kitambaa, urefu wake inchi 2, yenye rangi isiyopatana na nguo yake, ili kila mtu aione. A ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzinifu. Basi alama ile Hawthorne hakuizua. Aliikuta katika sheria, akairudisha nyuma kiasi cha nusu karne kwa kuitumia katika hadithi yake.

Watu wanaotunga sheria ya namna hii huwa wameamini jambo moja kubwa, kwamba yaliyomo moyoni yaweza kutolewa nje yakaonekana kwa macho. Mwaka wa 1692 imani hiyo iliua watu.

Mwanzoni mwa mwaka huo, katika kijiji cha Salem, wasichana wawili wa nyumba ya mchungaji Samuel Parris walishikwa na kifafa cha ajabu. Mmoja alikuwa binti yake wa miaka 9, na wa pili mpwa wake wa miaka 11. Ikasemwa kuwa wamerogwa. Siku ya kwanza ya Machi waliletwa mbele ya mahakimu wanawake watatu: Sarah Good, aliyekuwa fukara, Sarah Osborne, aliyekuwa mgonjwa, na Tituba, mtumwa wa mchungaji. Mwulizaji mkuu alikuwa John Hathorne. Yeye hakumwuliza Sarah Good kama ana urafiki na pepo mwovu. Alimwuliza ni pepo gani aliye na urafiki naye. Msomaji na alitazame swali hilo vizuri, kwa maana hukumu yote imo ndani yake.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ishara. Mshtakiwa akiuma midomo, wasichana walilia kwamba wanaumwa meno mwilini. Akikunja mikono, walisema wanafinywa. Tendo dogo la mtu mwenye hofu liligeuzwa ushahidi wa uchawi. Hata kivuli cha mtu, ambacho msichana alidai kukiona usiku na mwingine yeyote asikione, kilikubaliwa barazani.

Hakuna habari ya kusikitisha kupita ile ya Rebecca Nurse. Alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu, na majirani 39 walitia sahihi karatasi ya kumtetea. Wazee wa baraza walimwona hana hatia. Mara wasichana wakapiga mayowe, na hakimu mkuu, William Stoughton, akawataka wazee wafikiri tena juu ya neno moja alilolitamka bibi yule. Alipoletwa mfungwa mwingine kutoa ushahidi, Rebecca alisema kwamba huyo ni mmoja wao. Yeye alikusudia kusema mwenziwe wa kifungoni. Wao walielewa mwenziwe wa uchawini. Mkuu wa wazee akamwuliza maana yake, naye hakujibu. Masikio yake yalikuwa mazito, hakusikia swali. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ungamo, akanyongwa tarehe 19 Julai.

Watu 19 walinyongwa mwaka ule, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, aliwekewa mawe mazito juu ya mwili hata akafa. Wengine, wasiopungua watano, walifia gerezani. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: waliokiri kuwa ni wachawi hawakunyongwa. Walionyongwa ni wale waliokataa kusema uongo juu ya nafsi zao. Mwezi wa Oktoba gavana William Phips alilivunja baraza lile.

Mwaka wa 1697 ilitangazwa siku ya kufunga na kutubu. Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu, alisimama kanisani mjini Boston mbele ya watu wote, huku mchungaji akiisoma karatasi yake ya kukubali lawama na kuomba msamaha. Wazee 12 wa baraza nao waliomba msamaha. Mwaka wa 1706 Ann Putnam, mmoja wa wasichana walioshtaki sana, alifanya vivyo hivyo. Stoughton hakutubu. Na John Hathorne aliishi mpaka mwaka wa 1717, wala hakuacha neno la toba.

Toba aliyoiacha ilimfikia kilembwe wake. Nathaniel alizaliwa mwaka wa 1804, na katika ujana wake aliongeza herufi moja katika jina la ukoo, likawa Hawthorne. Alifanya kazi katika forodha ya Salem tangu 1846 hata alipoachishwa mwaka wa 1849, na dibaji ya kitabu chake yasimulia habari za forodha hiyo. Humo awataja wazee wake, William aliyewatesa Waquaker, na mwanawe John. Kisha achukua aibu yao juu yake mwenyewe, na aomba laana yao, kama ipo, iondolewe.

Baada ya dibaji yaja hadithi. Hester Prynne amesimama jukwaani, mtoto mkononi na herufi A kifuani, nayo ameitarizi kwa nyuzi za dhahabu. Amekataa kumtaja baba wa mtoto. Anayetumwa kumsihi amtaje ni mchungaji Dimmesdale, kijana apendwaye na mji mzima. Na baba ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wahenga, nacho chamla mchungaji miaka saba. Akijiita mwenye dhambi mimbarani, watu wazidi kumwita mtakatifu. Na herufi ya Hester yabadilika. Ahudumia wagonjwa na maskini, mpaka watu waanza kusema kwamba A ni mwanzo wa neno lenye maana ya uwezo. Usiku aliofariki gavana Winthrop yaonekana A mbinguni, na wengine waisoma kuwa ni ya malaika. Mwishoni mchungaji apanda jukwaani na kufunua kifua chake. Wako walioapa kwamba waliona herufi katika nyama yake, na wako walioapa kwamba hawakuona kitu.

Wakosoaji wengine wamemlaumu Hawthorne kwa kutotuambia nani kati yao alisema kweli. Mimi naona hakuweza kutuambia. Kilembwe wa mtu aliyesoma uchawi katika midomo na mikono ya watu hakutaka naye atusomee kifua cha Dimmesdale.

Mambo ya Salem yalichukua muda mrefu kumalizika. Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa akiwa na miaka 22 lakini asinyongwe, jina lake halikusafishwa mpaka mwaka wa 2022, baada ya mwalimu mmoja wa Massachusetts na wanafunzi wake kuwasihi watunga sheria. Kaburi la John Hathorne liko Salem, na jiwe lake lasomeka. Walionyongwa hawakuwekewa mawe ya kaburi. Mwaka wa 1992 zilijengwa kando ya makaburi hayo baraza 20 za mawe, kila moja na jina lake, na la Rebecca Nurse limo.