Temeke 1996: Ushindi uliofunika ufa

Juzi nilishuka Tandika, nikakaa kwenye kijiwe cha kahawa kusikiliza wazee wakibishana siasa. Ubishi ulikuwa ni chama gani cha upinzani kimegawanyika kuliko vyote. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akatucheka sisi vijana. Akasema hatujaona kitu, tungekuwepo hapa Temeke enzi za Mrema. Basi leo nataka tumsikilize mzee yule.

Turudi 1995. Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, anaihama CCM na kuingia NCCR-Mageuzi. Chama kina wenyewe: akina Mabere Marando, wanasheria na wasomi waliodai vyama vingi kabla havijaruhusiwa. Marando anampisha uenyekiti, yeye anakuwa katibu mkuu. Mrema analeta umati. Watu wanalisukuma gari lake kwa mikono barabarani, mafuta hayahitajiki.

Oktoba ikafika. Uchaguzi wa Dar es Salaam ulivurugika, ukafutwa na kurudiwa Novemba 19. Hesabu zilipokamilika nchi nzima, Benjamin Mkapa alikuwa na asilimia 61.8 na Mrema 27.8. NCCR ikapata majimbo 16. Kwa chama kilichoandikishwa 1993, hayo si matokeo mabaya hata kidogo. Lakini waliokwenda wakiamini wanaingia Ikulu waliona wameshindwa, na aliyeshindwa hutafuta wa kumlaumu.

Hapo ndipo palipohitajika kikao kirefu. Waasisi waliona chama chao kimegeuka cha mtu mmoja. Wageni waliona bila Mrema hao wasomi wasingejulikana hata Mbagala. Halafu kulikuwa na ruzuku ya serikali. Nani anaidhinisha matumizi? Nani anamkagua nani? Maswali hayo hayakupata jibu ambalo pande zote mbili zililiamini.

Oktoba 1996 kikaja kiti cha Temeke. Mrema akagombea, akamshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Temeke ikalipuka kwa shangwe. Kwa maoni yangu, ushindi ule ndio uliokimaliza chama. Waliokuwa hawasemeshani walikumbatiana jukwaani, kila mmoja akaamini mambo yamekwisha. Kumbe Mrema alitoka Temeke na uhakika kwamba chama kinamhitaji kuliko yeye anavyokihitaji chama. Wenzake nao wakaogopa zaidi. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Temeke ilikuwa rangi mpya juu ya ufa ule ule.

Mwaka 1997 mkutano wa chama Tanga uliishia kwenye vurugu. Zikawa kambi mbili, kila moja ikijiita NCCR halali, na mzozo ukahamia mahakamani. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na kwa kuwa Katiba yetu inamvua ubunge anayeacha chama kilichomdhamini, kiti cha Temeke kikaondoka naye.

Tazama bili ilivyokuja mwaka 2000. Mrema, kwa tiketi ya TLP, alipata asilimia 7.8. NCCR haikusimamisha hata mgombea urais, ikaambulia jimbo moja. Wale waliosukuma gari walikwenda wapi? Wengi walirudi kwenye biashara zao. Wao ndio waliopoteza zaidi, na hakuna kikao kilichowahi kuwaomba radhi.

Leo mfano uko karibu. Januari 2025, pale Mlimani City, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482, miezi michache baada ya CHADEMA kuangushwa vibaya kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Mbowe alikubali matokeo, jambo ambalo NCCR haikuliona. Hata hivyo mwezi Mei kundi la makada likahamia CHAUMMA. Kura zilihesabiwa sawasawa, ila kuhesabu kura ni kitu kimoja na kuaminiana ni kingine.

Nikiulizwa NCCR ingefanya nini 1996, nitasema mambo matatu. Kwanza, vitabu vya fedha vifunguliwe mbele ya pande zote, maana hakuna kinachoua imani kama pesa usiyojua imekwenda wapi. Pili, mkubaliane nani ataamua ugomvi kabla ugomvi haujaanza. Refa hachaguliwi dakika ya themanini. Tatu, aliyeshindwa ndani ya chama apewe kazi ya heshima, siyo kupigwa vijembe.

Na haya yafanyike siku za kushindwa, wakati watu wanasikilizana kwa sababu hawana kingine. Ukisubiri ushindi ukupatanishe, utapata kama ule wa Temeke.

Mzee wa Tandika alimaliza kahawa yake, akalipa, akaondoka. Hakutuambia alikuwa kambi ya nani.